Dawa Iliyolala na Pweza

Mwaka serikali za kaunti zilipofunga milango nilikuwa nikikaanga samaki pale Gazi, kando ya hoteli ya chai yenye redio kubwa kuliko meza zake. Karai langu lilikuwa upande huu wa ukuta wa makuti, redio upande ule, kwa hiyo habari zote za nchi zilinifikia zikiwa zimechanganyika na mlio wa mafuta. Nimesoma mpaka kidato cha pili, karo ikakwama hapo, na mambo ya bunge na seneti sikuwa mtu wa kuyafuata. Mimi nilikuwa mtu wa kuota. Kichwani mwangu nilikuwa nimekwisha kufungua duka, lina kioo kirefu cha kujitazamia, viti vya kusukia nywele, na friji ya mlango wa kioo inayowaka taa ndani. Ukiona samaki wangu mmoja ameungua, jua wakati ule nilikuwa dukani.

Lakini msimu ule nilisikiliza redio neno kwa neno, kwa sababu ya mdogo wangu.

Mdogo wangu ana sukari. Si ile ya watu wazima inayokuja na kitambi. Yake ilimkamata akiwa msichana wa shule ya msingi, mwembamba kama mshipi, na tangu siku hiyo anajidunga insulini asubuhi na jioni. Muuguzi wa kliniki ya sukari alituambia wazi, akitutazama mimi na baba mmoja baada ya mwingine, kwamba huyu mwili wake hauitengenezi kabisa dawa hiyo. Akiikosa siku mbili tatu, tutamzika. Mama yetu alikuwa amekwisha kutangulia mbele ya haki, kwa hiyo maneno yale tuliyabeba sisi wawili.

Nyumbani hatukuwa na friji. Tulikuwa na mtungi wa bibi. Tuliujaza mchanga, tukaulowesha maji, na katikati ya mchanga tukazika mkebe wa plastiki wenye chupa za dawa. Mtungi ulikaa kwenye pembe ya jikoni inayopitisha upepo, na kazi yangu kila asubuhi ilikuwa kuulowesha mchanga. Zamani bibi alikuwa akiufukiza ubani ili maji yake yanukie, na harufu ile haikutoka tena, iliingia mpaka kwenye mkebe. Mdogo wangu alikuwa akisema yeye hajidungi dawa, anajidunga harusi.

Basi redio ikaanza. Pesa za kutoka Nairobi kuja kwenye kaunti zilikuwa zimekwama, kwa kuwa bunge lilitaka kaunti zipewe kiasi hiki na seneti ikataka kile, na magavana wakasema kama ni hivyo wanafunga milango. Wauguzi hawakuwa wamelipwa. Juu ya hayo, bima ya afya ya zamani ilikuwa imeondolewa, imeletwa mpya. Wakubwa wengine walisema makato yake yatawamaliza watu, wengine wakasema bila makato hakuna matibabu, na hospitali za binafsi zikasema kadi ya mtu haziipokei mpaka serikali ilipe madeni yake. Kila upande ulisema unamtetea mwananchi.

Wanaume wa hotelini waliishabikia habari ile kama mpira. Siku ilipotangazwa kwamba kaunti zimefunga, mmoja akauliza ni funga ya sunna au ya kadha. Mwenzake akamjibu bila kuinua uso kwenye kikombe, "Ya kadha. Wanazilipa walizokula." Hoteli nzima ikacheka, na mimi pia nikacheka, kwa sababu siku ya kliniki ilikuwa bado na chupa zetu zilikuwa mbili. Muuguzi alikuwa amesikia harufu ya mambo mapema, akatupa ya akiba. Moja tulikuwa tukiitumia, moja ilikuwa imelala nzima kwenye mkebe.

Siku ya kliniki ilipofika tulikwenda hospitali ya kaunti, Msambweni. Langoni palikuwa na mnyororo. Askari alitupokea vizuri, akaitikia shikamoo zetu kwa huruma, akasema hakuna kliniki, hakuna duka la dawa, hata jenereta imezimwa. Wazee wa sukari tuliozoea kukaa nao kwenye benchi walikuwa wamesimama juani na vikapu vyao, wakitazama ndani kama watu waliofika harusini wakakuta bibi harusi amekataa. Tukarudi. Mdogo wangu hakuwa na wasiwasi. Alikuwa kidato cha nne, mwaka wa mtihani, na njiani alikuwa akinisomea mambo ya kemia ambayo mimi niliyaitikia tu.

Sasa niwaeleze baba alivyo. Baba yangu hununua samaki kwa wavuvi akawapeleka kwenye majiko ya hoteli za Diani, nyuma ya pikipiki, ndani ya sanduku la barafu. Maisha yake yote ameyaishi kati ya kitu kuharibika na barafu. Kwake yeye barafu ni rehema. Akiona nyanya imelegea, atasema ingewekwa barafu. Aliwahi kuniambia, hana utani, kwamba watu wa mjini wanagombana sana kwa sababu ya joto.

Lile lilikuwa jua la kaskazi, jua la kukausha mpaka mawazo. Inaonekana asubuhi moja aliingiza mkono kwenye mtungi, akaigusa chupa ya akiba, akaiona haina ubaridi wa kumridhisha. Muuguzi alikuwa amemwambia isipate joto. Ile nusu nyingine ya maneno, kwamba isigande, mdogo wangu aliambiwa siku ambayo baba hakuwepo, alikuwa Diani na samaki wake. Kwa hiyo baba alikuwa na nusu ya elimu na moyo mzima. Akaichukua.

Jioni mdogo wangu alivuta dawa kwenye chupa ya kwanza, akaona imebaki ya kukwangua chini. Akaufukua mkebe aiandae ile nyingine. Mkebe mtupu. Tuliinua mikeka, tukatikisa leso, tukaumwaga mchanga wote jikoni tukaupekua kwa vidole kama watu wanaochagua mchele. Nilikuwa nikicheka, maana mimi nikiogopa hucheka. Hapo pikipiki ikalia nje.

Baba aliingia akatukuta magotini juu ya mchanga. Akatabasamu. Akatuambia tusihangaike, ameiweka pazuri, tumfuate bandarini.

Bandarini kuna friza kubwa la wachuuzi, la kugandishia samaki wa kusafirishwa. Baba alilifunua, moshi wa baridi ukampanda usoni, akasukuma pweza mmoja huku, pweza mwingine kule, akatoa mfuko uliofungwa vizuri kwa uzi wa nyavu.

"Hii hapa, mamangu," alimwambia mdogo wangu. "Imelala na pweza, jua halijaiona."

Chupa ilikuwa imeganda, nyeupe kama jicho la samaki aliyepikwa.

Nilimtazama mdogo wangu. Huyu msichana ana mdomo. Akikuta nimemwaga chai atanisema mpaka kesho. Aliipangusa chupa kwa ncha ya mtandio wake, akaigeuza kwenye mwanga.

"Ahsante, baba," akasema. "Imepoa sana."

Baba akafurahi, akalifunga friza huku akimwombea dua mwenye nalo.

Tulipobaki wawili njiani aliniambia kwamba dawa imekufa. Insulini ikishaganda huwa maji tu, hata ikiyeyuka hairudi. Nikataka kugeuka nikamwambie baba. Akanishika mkono, vidole vyake vikiwa bado na baridi ya chupa.

"Usimwambie. Atakaa chini hatainuka, na sisi tunamtaka amesimama."

Nikamwuliza atajidunga nini.

"Ile ya zamani nitaivuta mpaka itoe sauti. Kesho wewe utapata nyingine. Si wewe una duka lenye friji?"

Alikuwa akinitania. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Asubuhi, baba akiwa anafunga sanduku lake, aliuliza kutoka uani kama mdogo wangu amejidunga. "Nimejidunga, baba," akajibu, na chupa ya zamani mkononi mwake ilikuwa kavu kama kifuu. Ile iliyoyeyuka aliificha nyuma ya vitabu. Chakula alikigusa kidogo tu, alijua akila bila dawa anaichochea sukari. Maji ndiyo aliyoyataka. Alikunywa kikombe, akaenda uani, akarudi, akanywa tena. Nilimwacha na kidumu cha maji na daftari la kemia, nikamwomba jirani awe akimchungulia, nikapanda bodaboda.

Hospitalini mnyororo ulikuwa pale pale, na askari yule yule, ambaye safari hii hakunitazama machoni. Ukunda, maduka ya dawa mawili hayakuwa nayo. La tatu likanielekeza kwenye hospitali ya binafsi, na kwenye dirisha la hospitali ile palikuwa na kijana wa bara, mpole, ndevu zimenyolewa kwa mtindo. Akasema dawa ipo. Nilihisi mbavu zangu zikifunguka. Nikampa kitambulisho cha mdogo wangu na changu na cha baba, vyote, achague mwenyewe. Akabofya, akabofya.

"Siz, bima haisomi."

Nikamwambia ajaribu tena, sisi tumesajiliwa wote, walikuja mpaka Gazi wakatuchukua alama za vidole.

"Kidole iko," akasema taratibu. "Malipo ya mwaka ndio haiko. Na hata ingekuwa, wiki hii hatuchukui hiyo kadi. Wakubwa bado wanabishana."

Juu ya kichwa chake televisheni ilikuwa ikiwaonyesha hao hao wanaobishana, wamevaa suti, mmoja anapiga meza. Sauti ilikuwa imezimwa. Kijana alinitajia bei ya dawa kwa fedha taslimu, nikamshukuru kama mtu aliyekuwa akipita tu. Fedha ile angeweza kuitoa baba peke yake, na hata yeye kwa kuuza pikipiki. Kumwomba ilikuwa kumwambia. Nilisimama nje ya lango, jua limenikalia utosini, nikajiwekea ahadi kwamba jua likianza kuinama sijapata kitu, nitamwambia, hata akikaa chini asiinuke.

Ndipo nikalikumbuka benchi la kliniki. Kwenye benchi lile mdogo wangu alikuwa na rafiki, mama mmoja wa bara anayefanya kazi ya udobi kwenye hoteli ya pwani kule Diani. Wao wawili walishindana nani sukari yake imepanda zaidi, na aliyeshinda alipewa pole kwa kejeli. Mama yule alikuwa akitumia dawa ile ile, chupa ya jina lile lile, na aliwahi kujigamba kwamba yake inalala kwenye friji ya wafanyakazi pamoja na siagi ya wazungu.

Nikaenda kwa miguu mpaka lango la wafanyakazi. Alipotoka, mikono imesinyaa kwa sabuni, nikamwamkia shikamoo. Akaitikia. Nikamwuliza hali, nikamwuliza watoto, nikamwuliza kazi, nikamwuliza kama joto la huku haliwasumbui. Wallahi sijui nilikuwa nikifanya nini. Ulimi wangu ulikuwa umefundishwa adabu tangu utoto, na siku ile ya haja ulikataa kuiacha. Mdogo wangu alikuwa akikauka Gazi, na mimi nilikuwa nikiulizia mvua za kwao.

"Wewe mtoto," akanikatiza, "mtu hatoki Gazi na hii jua kuniuliza habari ya watoto. Dadako ako aje?"

Hapo nikalia. Nilimweleza yote, kuanzia mnyororo mpaka friza, na nilipofika kwa pweza alicheka mpaka akashika nguzo ya lango. Kisha akaacha ghafla, akaniuliza chupa ya mwisho iliisha lini. Nilipomjibu, hakungoja nimalize sentensi. Aliingia ndani.

Akarudi na chupa ndani ya taulo ndogo ya hoteli, imeloweshwa maji. Alikuwa nazo mbili kama sisi, naye kliniki yake ilikuwa imefungwa kama yetu. Nikamwuliza yeye je.

"Mimi mwili yangu bado inatengeneza kidogo. Yake haitengenezi. Enda."

Nikaanza kumshukuru, na kwa mazoea yangu ningemaliza kwa kuwaombea wazazi wake na wazazi wa wazazi wake. Akanigeuza mabega akanisukuma kuelekea barabarani.

Nilipofika nyumbani pikipiki ya baba ilikuwa imeegeshwa mlangoni, sanduku halijafunguliwa. Jirani alikuwa amempigia simu. Mdogo wangu alikuwa kwenye mkeka, macho nusu, anahema kwa nguvu kama mtu aliyekimbia kutoka Msambweni, na pumzi yake ilikuwa ikinukia maembe yaliyoiva kupita kiasi. Harufu ile muuguzi alitufundisha tuiogope. Baba alikuwa amepiga magoti, anampepea kwa kipepeo cha mkaa.

"Alijidunga asubuhi," aliniambia, sauti yake imepungua. "Nilimwuliza mwenyewe. Mbona hivi?"

Niliifungua taulo mbele yake, nikatoa chupa, nikavuta dawa. Mdogo wangu alitaka kujidunga mwenyewe, mkono ukamkataa, nikamdunga mimi. Baba aliitazama chupa. Aliitazama taulo, ambayo si yetu. Akautazama mtungi kwenye pembe yake. Kisha akaendelea kupepea.

Tulikaa hivyo. Nilimnywesha maji kidogo kidogo, kijiko kwa kijiko alipokuwa akitapika, kikombe alipoweza. Nilimdunga tena kama muuguzi alivyotufundisha kwa siku mbaya. Nje samaki wa baba walikuwa wakiyeyukiwa na barafu yao ndani ya sanduku, na sijawahi kumwona akiacha samaki hivyo. Adhana ya alasiri ilipita, tukaswali kwa zamu ili asibaki peke yake. Karibu na magharibi kuhema kwake kulianza kupungua. Alifumbua macho, akanikuta nimemkodolea.

"Umenunua friji?" akauliza.

Baba alitoka nje. Tulimsikia akichota maji ya ndoo, akinawa uso kwa muda mrefu kuliko uso unavyohitaji.

Hatukumwambia, wala hakuuliza. Lakini kesho yake nilipoamka kuulowesha mchanga wa mtungi, niliukuta umeloweshwa. Kesho kutwa vile vile. Kazi ile iliacha kuwa yangu bila maneno. Baba alikuwa akiamka kabla ya alfajiri, anamwaga maji, anaingiza kiganja kupima, na nilimwona siku moja akikigusisha shavuni kama mtu anayepima homa. Siku ya tatu nilikuta mtungi umefukizwa ubani mpya. Na ile chupa iliyokufa, nyuma ya vitabu, haikuwepo tena.

Redio iliendelea. Mwishowe ikasema bunge na seneti wamepatana, pesa zitashuka, na wale wa suti wakaonyeshwa kwenye televisheni wakipeana mikono na kucheka, mpaka yule wa kupiga meza. Wanaume wa hotelini wakaanza kubishana nani ameshinda. Mnyororo ukafunguliwa siku chache baadaye, wauguzi wakarudi wamekonda, na sisi tukatoka na chupa zetu. Moja niliipeleka moja kwa moja Diani, imelala ndani ya taulo ile ile, ambayo nilikuwa nimeifua nikaihifadhi kwenye mkebe wa mtungini.

Mama wa udobi alitoka akiwa na kiatu mguu mmoja na kandambili mguu mwingine. Kidonda chake cha zamani kilikuwa kimefunguka. Alisema alikuwa amepunguza sindano, amepunguza na ugali, na kwamba ni mguu tu, ana mwingine. Alinusa taulo, akaniuliza mbona dawa inanukia misa. Nikamweleza mambo ya mtungi na ubani, akacheka sana, akasema sasa atajidunga akiwa amepiga ishara ya msalaba. Mimi nilicheka naye, lakini macho yangu hayakutoka kwenye ile kandambili. Mguu ule ulichukua miezi kupona, na mpaka leo hutembea akiuegemea mwenzake.

Jioni ile baba alikuwa uani akipanga samaki wa kesho kwenye barafu. Mdogo wangu alikuwa ndani na kemia yake. Sikuwa nimemtajia baba safari ya Diani, wala siku ile ya kwanza wala hii. Aliinua samaki mmoja, akamtazama mashavu, akamweka kando peke yake. Akainua mwingine.

"Yule mama wa udobi," akasema bila kunitazama, "anapenda samaki gani?"

Nilikuwa nimesahau kwamba majiko ya hoteli zile yote ni ya wateja wake, na kwamba kwenye lango la wafanyakazi habari hazilali. Nikachuchumaa kando yake. Nikajifanya nami ninachagua.

"Changu, baba," nikamwambia. "Pweza, hapana."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. Akachagua changu mzuri kuliko wote, akamfunga kwenye mfuko kwa uzi wa nyavu, na akamweka juu kabisa ya barafu, mahali pasipogandisha.